Kwa Nini Vigae Vilianguka

Kigae cha kwanza kilibanduka mama akiwa ndani ya maji. Mimi nilikuwa nimekaa ukingoni nikichambua mchele kwenye uteo, nikamwona amesimama ghafla katikati ya bwawa, mikono yake imeelea pande mbili kama mtu anayesikiliza.

"Kuna kichu kimenigusa mguu," akasema.

Sisi Wabajuni husema kichu kwa kitu na mchu kwa mtu, na miaka yote tuliyokaa Mombasa haikumbadilisha mama hata herufi moja. Nikaweka uteo chini, nikatazama majini. Kilikuwa kigae cha buluu, ukubwa wa sahani, kimelala kwenye sakafu ya bwawa kana kwamba kuna aliyekiweka pale kwa ustaarabu. Ukutani kilipotoka palibaki mraba wa kijivu.

Nikaingia na dera langu vile vile, nikakiokota. Mama akakipokea, akakigeuza mbele na nyuma.

"Hakikuvunjika," akasema. "Kimeondoka chenyewe, kama mchu aliyeaga."

Neno hilo, kwamba kimeondoka chenyewe, ndilo lililonikaa.

Lazima nieleze kwanza mwanamke wa makamo na mama yake mzee walikuwa wanatafuta nini na bwawa la kuogelea mjini Kismayo, maana hata majirani waliuliza, na wengine hawakuuliza kwa upole. Mama alizaliwa kisiwani Koyama. Utotoni alikuwa akiogelea kila siku, na mwenyewe husema aliolewa chumvi haijamtoka nyweleni. Vita vilipotutoa tulikimbilia Kenya kwa boti, tukakaa kambini, kisha Mombasa, na huko ndiko magoti yake yalikoanza kukaza. Daktari akamwambia atembee kila siku ndani ya maji ya kufika kifuani, maji yasiyo na mawimbi. Mama akacheka. "Nimetoka majini, narudishwa majini."

Tuliporudi Kismayo na kuipata nyumba ya marehemu baba kule mtaa wa Majengo, nilijaribu kumpeleka baharini. Mawimbi yakamwangusha. Isitoshe, ufuo wa mjini umejaa vijana na mipira yao, na mwanamke mzee anayeshikwa mkono na bintiye hapati nafasi ya kuoga kwa staha. Nyuma ya nyumba kulikuwa na chumba kilichobomoka, kuta zimesimama, paa hakuna, ndani kumechimbika. Kaka yangu, ambaye anaishi Ulaya, ndiye aliyesema kwenye simu, kwa mzaha, "Si mkijaze maji tu?" Mimi sikulichukua kama mzaha. Nilikuwa na duka la nguo sokoni lililokuwa limeanza kusimama, na yeye akaahidi kusaidia, na akasaidia.

Mkandarasi tulimpata kupitia binamu yetu. Alikuwa Mbajuni mwenzetu, mdogo kwangu kidogo, aliyekulia kambini na baadaye akafanya kazi kwenye hoteli za pwani ya Mombasa. Alikuja na penseli sikioni na mikono ya shati imekunjwa sawasawa, akapima chumba kile kwa hatua zake ndefu. Nikamwuliza kama amewahi kujenga bwawa.

"Dada," akanijibu, "mimi mabwawa nimeyajenga mpaka nayaota usingizini."

Sitaficha, nilimpenda. Alikuwa na bidii, na alifurahi kuulizwa maswali, ingawa nikikumbuka sasa naona majibu yake yalirefuka pale hasa ambapo hakuwa na uhakika. Vigae vilikuja kwa meli kutoka Dubai, vikubwa, vizito, vinang'aa, na yeye mwenyewe alivichagua kwenye picha za simu. Kazi ilipokwisha bwawa lile lilipendeza kupita kiasi. Siku ya kulijaza tuligawa halua na kahawa. Mama aliteremka ngazi akiwa na dera na kilemba, akatembea kutoka ukuta hadi ukuta, polepole, halafu akaanza kuimba wimbo wa kutwanga ambao sikuwahi kumsikia akiuimba.

Kwa hiyo kigae kilipoanguka nilimpigia simu siku ile ile, na alikuja kabla ya magharibi. Mama alikuwa ameshaingia ndani, amekaa nyuma ya pazia, anasikiliza kila neno.

Mkandarasi akakipokea kigae, akakitazama kama daktari anavyotazama ulimi.

"Mama anaingia na mkongojo majini?"

"Hapana."

"Basi ni jua. Jua likikipiga kigae, halafu kikakutana na maji baridi, kinashtuka."

"Kilikuwa chini ya maji. Jua halifiki huko."

"Ah." Akakuna kidevu. "Basi ni maji."

"Vigae vya bwawa vinaangushwa na maji?"

Nyuma ya pazia mama akakohoa kikohozi cha uongo. Mkandarasi naye akacheka, akatoa gundi kwenye mkoba wake, tukapunguza maji, akakirudisha kigae mahali pake. Akaniambia ni bahati mbaya, kimoja kati ya mamia.

Baada ya siku chache vikaanguka viwili kwa pamoja. Kisha kimoja pembeni mwa ngazi. Ulikuwa ukikaa sebuleni unasikia sauti ndogo kutoka uani, kama mtu anayeweka vyombo taratibu asiwaamshe wenziwe, ukienda unakuta mraba mwingine wa kijivu. Mama akaanza kuogopa kukanyaga. Mkandarasi akaja tena, na safari hii akailaumu jenereta ya jirani. Alisema inatikisa ardhi. Nikamwomba jirani, Mungu amlipe, aizime siku mbili na mimi nikamhifadhia samaki wake kwenye friji langu. Ardhi ikatulia, vigae vikaendelea kuanguka. Akasema basi ni dawa ya kusafishia maji, imezidi. Nikaacha kutia dawa mpaka maji yakaanza kuwa na rangi ya mchicha. Vikaanguka. Kila sababu aliyonipa niliijaribu, na ninaamini hilo ndilo lililomchosha. Angetaka nimgombeze, apoe, tusameheane. Mimi nilikuwa nakwenda kuangalia.

Mwishowe simu yake ikawa haipatikani.

Tukalimwaga maji bwawa lote, tukamwagilia minazi ya mtaa mzima. Lilipokauka nikateremka na kijiko cha chuma. Sijui nililitoa wapi wazo hilo, labda kwa kuwaona wanunuzi wa madafu wanavyoyagonga kabla ya kuchagua. Nikagonga kigae kimoja: ti. Nikagonga cha pili: ti. Cha tatu kikasema bo, sauti ya mtungi mtupu. Nikachukua kaa la moto lililozimika, nikaanza kuweka alama kwenye kila kilichosema bo. Nilipomaliza ukuta wa upande wa magharibi nilirudi nyuma kuutazama, na ulikuwa mweusi kwa alama kuliko ulivyokuwa wa buluu.

Mama alikuwa amekaa juu kwenye kiti, mkongojo mapajani, ananitazama kama anavyotazamwa mtoto anayecheza peke yake.

"Umepata nini?"

"Kuta zina pumzi ndani."

Nikakibandua kimoja kwa kisu cha jikoni. Hakikunipa taabu. Nyuma yake, ukutani, kulikuwa na madonge ya saruji, moja kila pembe na moja katikati, kama maandazi kwenye sinia. Sehemu iliyobaki ilikuwa wazi, na maji yalikuwa yakiingia na kutoka humo yanavyotaka. Hilo nililielewa mara moja: alikuwa amefanya haraka. Lakini kulikuwa na jambo la pili ambalo sikulielewa. Madonge yalibaki yote ukutani, yameshika kweli kweli, ukiyapiga nyundo yanatoa cheche. Kigae chenyewe kilitoka safi. Hakikuwa na hata punje ya saruji mgongoni. Nikabandua kingine, na kingine. Vyote vilitoka hivyo hivyo, safi, kama vilikuwa vimeegemezwa tu.

Kaka aliponipigia nilimweleza. Yeye hakuwa na subira.

"Huyo ni mwizi. Nenda kwa wazee. Ikishindikana nenda polisi."

"Mwizi angechukua vigae," nikamwambia. "Huyu ameniachia vyote."

"Sasa unataka nini?"

"Nataka kujua kwa nini saruji imeushika ukuta ikakiacha kigae."

Akaniuliza kama ninalala vizuri.

Aliyempata mkandarasi ni mama. Asubuhi moja alikaa na simu yake, akampigia mtoto wa binamu yake kisiwani, huyo akamwuliza mwingine, na kabla ya chai kwisha jibu lilikuwa limerudi. Mkandarasi yuko Koyama, kwa mama yake mdogo, anajenga tangi la maji ya mvua la msikiti. Wala hakujificha. Anasali jamaa na watu wote.

Kesho yake nilipanda boti ya faiba iliyokuwa inapeleka magunia ya unga na mapande ya barafu kwa wavuvi. Nilikaa juu ya gunia, na kwenye kikapu changu nilikuwa na kigae kimoja nimekifunga kwenye leso. Nilijipangia maneno njia nzima. Nilikuwa na maneno makali na maneno ya hekima, na nilipokuwa nakanyaga mchanga wa Koyama nilikuwa bado sijaamua nianze na yapi.

Tangi lilikuwa nyuma ya msikiti, kuta zake zimefika usawa wa kifua. Yeye alikuwa amesimama ndani, mwiko mkononi. Akaniona natokea kwenye kona. Akakaa chini.

Ndivyo alivyofanya, mtu mzima na ndevu zake. Aliketi ndani ya tangi nisimwone. Nikaenda mpaka ukingoni, nikainama.

"Assalamu alaikum."

"Waalaikum salaam, dada." Alikuwa amechuchumaa, anatazama mwiko wake. "Hata nilikuwa nataka kukupigia. Sema huku mtandao..."

Simu ikalia mfukoni mwake. Tukaisikiliza wote wawili mpaka ikanyamaza.

Maneno yangu ya boti yote yalipotea. Nikacheka, siwezi kusema uongo, na yeye akainuka akajipangusa vumbi, uso umemshuka.

"Sikukimbia na haki yako," akasema. "Nilikimbia maswali yako. Kila nikija unaniuliza kwa nini, na mimi sijui kwa nini. Ningekuja nikwambie nini?"

"Ungeniambia hujui."

"Mchu akijiita fundi anasema hajui?"

Kisha akanieleza. Kule hotelini alikuwa amepiga vigae vya mabafu, vingi, na alivipiga vizuri. Kwenye mabwawa alikuwa mbeba saruji tu. Aliona wenzake wanavyofanya, na akadhani kuona kunatosha. Aliyasema hayo bila kujihurumia, huku akinisaidia kushika ukuta nisiteleze kwenye kokoto, halafu akasema, "Njoo nikuonyeshe," na sauti yake ikabadilika.

Upande wa nje wa tangi, chini, palikuwa na safu ya vigae vya buluu. Nilivitambua. Vilikuwa masalio ya kazi yangu, ambavyo mimi mwenyewe nilimruhusu avichukue amletee mama yake mdogo vya kutulia masufuria, yaani vya kuyawekea yakitoka motoni. Alikuwa amevibandika kila kimoja kwa namna yake, na kila asubuhi na jioni anavimwagia maji.

"Hiki nimetumia mchanga wa ufuoni," akasema, akigusa kimoja kimoja. "Hiki mchanga wa mto, niliubeba kwenye gunia kutoka Kismayo. Hiki gundi ya dukani. Hiki nimekijaza nyuma kote, sikuacha mwanya. Na hiki madonge, kama chako."

Nilimtazama. Huyu mtu ambaye nilidhani yuko huku anakula raha alikuwa amekaa kisiwani akiuliza swali langu.

"Umeshavibandua?"

"Nilikuwa naogopa."

Basi tukavibandua pamoja. Cha madonge kilitoka kwa vidole. Cha mchanga wa ufuoni kilitoka na vumbi la chumvi nyuma yake, saruji yake imelegea kama biskuti iliyochovywa chai. Cha gundi kilitaka kuchokonolewa, kikatoka. Cha mchanga wa mto kikatoka, na hata kile alichokijaza nyuma kote alikigonga kwa tindo mara chache kikaachia, na mgongo wake ulikuwa safi kama vile vya kwangu. Akaketi kwenye kokoto. "Unaona?" akasema. "Unaona, dada? Hata nikifanya vizuri."

Kilibaki kimoja mwisho wa safu, kina masizi pembeni. Akakigonga, kikakataa. Akaongeza nguvu. Kikavunjika vipande, na kila kipande kilibaki ukutani, na alipong'oa kimoja kwa nguvu zote kilitoka na nyama ya ukuta.

Tukatazamana.

"Hiki umekibandika na nini?"

"Na ule ule mchanganyiko wa kile kilichotoka sasa hivi. Vigae vilinipungukia, nikaenda jikoni nikachukua kimoja."

Wakati huo huo mama yake mdogo akatokea na birika la chai na vikombe, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuitia mtu ng'ambo. Aliona vipande mkononi mwa mkandarasi kabla hajaniona mimi.

"Hicho ni changu! Ndicho natulia sufuria! Ulinipa ukaninyang'anya, na sasa umekivunja?" Ndipo akanigeukia, akanisalimu kwa heshima zote, akaniuliza hali ya mama, hali ya magoti, hali ya safari, na nikamjibu yote, kisha nikamwuliza alikuwa amekifanya nini kigae kile.

"Nimekifanya nini? Nimetulia sufuria."

"Hukukipaka kitu?"

"Nikipake kitu kwa nini? Nilikiosha tu."

"Ulikiosha?"

Akanishangaa. "Mchu huweka chombo kichafu juu ya mkeka? Nyuma kilikuwa na unga unga, unaacha alama nyeupe kila mahali. Nikakisugua kwa majivu na makumbi ya nazi mpaka ukatoka."

Nikafungua leso yangu, nikakitoa kigae nilichokuja nacho, nikapitisha kidole mgongoni mwake kwa nguvu. Kidole kikatoka cheupe. Nilikuwa nimeuona weupe ule tangu siku ya kwanza, nikadhani ni rangi ya kigae chenyewe. Nikaupikicha kati ya vidole. Ulikuwa laini, na hapo mkono wangu ukanikumbusha kitu ambacho unakifanya kila asubuhi.

"Ukisukuma chapati," nikamwambia mkandarasi, "kibao unakinyunyizia nini?"

"Unga."

"Wa nini?"

"Isigande." Akakichukua kigae. "Isigande," akarudia, polepole.

Kiwandani lazima vinapangwa tanurini, tukawaza, na kama huko chini havinyunyiziwi kitu vitashikana na tanuri. Unga ule unafanya kazi yake, halafu hakuna anayewaambia wanunuzi kwamba unapaswa kuondolewa. Mchana ule ule mkandarasi alimpigia muuza vigae mmoja wa Mombasa, na huyo akamjibu kama anayejibu swali la mtoto: ndiyo, hivi vizito huoshwa mgongo kwanza, havinywi maji kama vile vya zamani vya udongo. Na vya mabafuni alivyozoea mkandarasi vilikuwa vile vya zamani, vinavyoishika saruji hata bila kuoshwa. Mkandarasi akaishusha simu, akaweka mikono kichwani, kisha akaanza kucheka, na kicheko kile kilikuwa na uchungu kidogo lakini kilikuwa kicheko. Mama yake mdogo hakuona cha kuchekesha. Alitaka cha kutulia sufuria. Nikampa kile cha kwenye leso, naye akakipeleka moja kwa moja kwenye ndoo, akakiosha mbele yetu.

Tulirudi Kismayo boti moja, yeye na mimi, baada ya mimi kumsubiri siku chache kwa jamaa zetu akamilishe tangi la msikiti, ambalo kwa busara alilipiga lipu tupu bila kigae hata kimoja.

Kazi ya kubomoa ilikuwa mbaya kuliko kazi ya kujenga. Vigae vilivyosema bo vilitoka kwa urahisi, vilivyosema ti vilitoka kwa matusi, na vingine vikavunjika. Uani kukawa kama soko la vyombo. Niliweka beseni kubwa, sabuni, majivu na makumbi ya nazi, nikaanza kuosha. Siku ya pili jirani wa jenereta akamtuma mkewe aone kelele ni za nini. Akaketi akaanza kuosha. Wakaja wengine, na miongoni mwao wale waliosema bwawa ni israfu. Walitaka kuuona unga. Kila aliyefika nilimwambia apitishe kidole, na kila mmoja akasema "Subhanallah" kwa namna yake. Mmoja alikinusa.

Mimi na mkandarasi tuligombana sana siku zile, na nafikiri tuligombana vizuri. Nilimwekea sharti moja: kigae chochote nitakachokinyooshea kidole, kabla hakijakauka, anakitoa nikione mgongo wake. Kama hakijajaa, anarudia. Safari moja nilimnyooshea kidole akiwa amebakiza mstari wa mwisho wa siku, na kigae kikatoka kina madonge. Alikuwa amerudia mazoea yake.

"Dada, unanifanyia mtihani."

"Ndiyo."

"Mimi si mwanafunzi."

"Basi nijibu kwa nini nyuma kuna mashimo."

Akatupa mwiko kwenye ndoo akaondoka. Mama akanilaumu, alisema mtu mzima hushikwa mkono, hashikwi shingo. Baada ya alasiri mkandarasi akarudi, akabandua mstari mzima mwenyewe, hata vile nilivyokuwa sijavishuku. Nikampelekea chai. Akainywa amenipa mgongo, kisha akasema, kama anayezungumza na ukuta, kwamba mkono hufanya ulichozoea hata kichwa kikikataa. Nilijua anasema kweli.

Mchanga tulitumia wa mtoni, usio na chumvi. Halafu tukasubiri saruji ikomae. Watu walitaka kulijaza bwawa kwa ajili ya Idi, kaka alikuwa anapiga simu kuuliza picha, na mkandarasi naye alishawishika. Nikakataa. Nilikuwa nateremka na kijiko changu kila baada ya siku chache, nikigonga, na yeye anateremka nyuma yangu akigonga kwa penseli. Tulipojaza hatimaye, lilivuja kwenye bomba la kutolea maji, tukalimwaga tena, akaziba. Vilivyovunjika tulivifidia na vya kijani, kwa kuwa vya buluu havikupatikana, kwa hiyo ukuta wa magharibi una mabaka. Karibu na ngazi kuna kigae kimoja ambacho mpaka leo kinasema bo. Hatujui kwa nini. Hakijaanguka, na sisi tumekiacha.

Sasa asubuhi ni za wanawake. Wanakuja wa mtaani na wa mbali, wenye magoti, wenye migongo, na wasio na ugonjwa wowote. Mama nchi kavu bado anatembea na mkongojo. Majini anawafundisha wenzake kuelea.

Siku moja pampu ilisumbua na mkandarasi akaja wakati wanawake wakiwa ndani, ikabidi asubiri kwenye benchi nje ya lango. Nikamtolea kahawa. Ndani kulikuwa na vishindo na vigelegele.

"Huwaje wakiwa mle?" akaniuliza. "Maji yanawafika wapi?"

"Hapa," nikamwonyesha.

"Na mtu akisimama, anahisi nini? Anahisi mzito au mwepesi?"

Nilimtazama nione kama anatania. "Kwani wewe hujawahi?"

"Dada, mimi nimekulia kambini. Maji tulikuwa tunapanga foleni na ndoo. Nilipokwenda mahotelini wafanyakazi hawakuruhusiwa. Koyama naenda, najua kupanda boti tu, kushuka sijui."

Mbajuni asiyejua maji, na alikuwa amejenga bwawa mara mbili. Nilimwambia aje Ijumaa baada ya sala, wanawake watakuwa hawapo, na binamu yetu atamshika.

Akaja na kikoi kipya. Mimi na mama tulikaa sebuleni, pazia limefungwa, tukawasikia wakifika uani. Kwa muda mrefu hakukuwa na kitu ila sauti ya binamu ikimbembeleza ashuke ngazi moja, kisha nyingine. Halafu maji yakapigwa kwa kishindo, pakawa kimya, na mama akanishika mkono. Kisha tukasikia kikohozi, na sauti yake ikipiga kelele uani kote.

"Dada! Hii sakafu inateleza! Nani aliiweka?"

"Mjibu," mama akaniambia, huku machozi ya kicheko yakimtoka. "Mjibu, anauliza."